Kuhariri picha kwa GIMP: maski ndiyo kazi, mengine utazoea

GIMP ni programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, na maski ni kifuniko cha kuficha au kuonyesha sehemu ya picha. Nimeandika haya baada ya kukaa na binamu yangu, ambaye wikendi zake huisha akipiga picha za nganya, zile matatu zilizochorwa na kupambwa, katikati ya jiji. Ni ya mtu anayehariri kwa kujifurahisha. Kama una wateja wanaodai faili za Photoshop, lipia Photoshop tu.

Hatua ya 1: Programu

Una simu pekee? Weka Snapseed. Ni ya bure na inatosha. Mwenye laptopu achukue GIMP kutoka gimp.org, toleo la 3.0 kwenda juu. Hilo lilitoka Machi 2025, na tangu hapo vichujio vingi vinakaa juu ya leya (tabaka la picha) bila kuiharibu, kwa hivyo ukibadili mawazo kesho unarekebisha. Photopea nayo inafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote, ila matangazo ya pembeni yananikera. Kamera yako ikitoa faili za RAW (picha ghafi), ongeza darktable ya kuzifungulia. Photoshop ya kukreki inayouzwa kwa flashi usiiguse. Hujui imebeba nini.

Hatua ya 2: Kata, nyoosha

Hii umeshaifanya kwenye simu mara nyingi. Twende.

Hatua ya 3: Maski

Nganya imeegeshwa kivulini, nyuma yake anga la saa saba mchana linawaka. Ukiongeza mwanga kwa picha nzima, mawingu yanafutika. Kwa hivyo nakili leya, kisha ng'arisha ile ya juu mpaka michoro ya ubavuni ionekane vizuri. Anga liache liharibike. Sasa bofya leya hiyo kwa kitufe cha kulia, uongeze maski nyeupe, chukua brashi yenye rangi nyeusi na upake juu ya anga. Mawingu ya leya ya chini yatarudi.

Nyeusi huficha, nyeupe hurudisha, kijivu huficha nusunusu. Kitufe cha D hukupa nyeusi na nyeupe, X huzibadilishana. Anga likiwa kubwa kuliko gari, anza na maski nyeusi, upake gari kwa nyeupe. Utachoka kidogo.

Halafu inafika ile saa unapaka, unapaka, na hakuna kinachobadilika. Usifunge programu. Kagua hivi:

Ukiona michirizi myeusi juu ya picha yenyewe, unapaka leya badala ya maski. Rudisha nyuma kwa Ctrl+Z, kisha bofya kijipicha cha maski kwenye orodha ya leya mpaka kizungukwe na mstari mweupe. Binamu alikwama hapa jioni nzima, akilaumu laptopu.

Ikiwa hakuna michirizi, huenda kuna eneo ulilolichagua awali na likabaki. Brashi haitoki nje ya eneo hilo, na ukiwa umekuza picha sana hutaona mipaka yake. Ctrl+Shift+A inaliondoa. Bado? Tazama uzito wa brashi (Opacity). Ukiwa asilimia 5 unapaka maji. Hakikisha pia rangi ya mbele si nyeupe, maana nyeupe juu ya maski nyeupe haifanyi kitu.

Ikikubali, shika Alt ubofye kijipicha cha maski: utaiona yenyewe, na kila doa ulilolisahau angani litajitokeza. Bofya tena vivyo hivyo kurudi.

Kingo ndizo zinazomuumbua mhariri. Brashi laini sana huacha mwanga unaozunguka paa kama gari la malaika, na ngumu sana hufanya nganya ionekane imekatwa kwa makasi. Mimi hutumia ya katikati, ndogo, nikikaribia keria na antena. Kisha naitia maski yenyewe ukungu wa pikseli mbili hivi, basi.

Hatua ya 4: Kuhifadhi

Ctrl+S hukupa XCF, faili ya GIMP yenyewe, yenye leya zote. JPEG hutoka kwa Ctrl+Shift+E, ubora 90. Weka zote mbili.

Hatua ya 5: Kutuma na kuchapisha

Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, isije ikabanwa. Kwa A4 safi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani 300 kwa inchi. Unapohariri, weka mwanga wa skrini uwe wa wastani. Ukiwa wa juu kabisa, karatasi itatoka giza. Na kabla ya kulipia A3, mwombe mwenye mashine akutolee kipande kidogo cha majaribio, ukitazame nje juani, si chini ya taa ya duka lake.