Habari imejificha aya ya nne

Walimu wenzangu mnaosimamia klabu za habari sekondari, mwanafunzi akikuletea rasimu usikimbilie kalamu nyekundu. Mwambie aisome kwa sauti, kisha aifunike karatasi na amsimulie mwenzake kilichotokea kwa sentensi moja tu. Sentensi hiyo ndiyo aya ya kwanza.

Wangu mmoja wa kidato cha tatu alianza hivi: "Ijumaa iliyopita shule yetu ilifanya mahafali yaliyofana sana, mgeni rasmi akiwa..." Kwa mdomo akasema, "Bweni la wasichana litapata maji kabla ya likizo." Kumbe habari yenyewe ilikuwa imelala aya ya nne, chini ya itifaki na risala! (Tumezoea mno kuanza na mgeni rasmi.)

Akaipandisha juu. Maneno "yaliyofana sana" yakatoka, ikaingia idadi ya wahitimu. Nikamuuliza: nani kaahidi hayo maji? Kwa fedha za nani? Hakujua, ikabidi arudi kwa makamu mkuu wa shule na daftari lake. Nukta na mikato tukaviacha hadi mwisho kabisa.