Simu za wanafunzi darasani: namna ya kuanza bila kumwacha mtoto nje

Simu ikikutwa kwenye begi la mwanafunzi, shule nyingi za Tanzania zina jibu moja: inachukuliwa, mzazi anaitwa, na pengine mwanafunzi anasimamishwa. Nafundisha Fizikia kwenye shule binafsi ya kutwa mkoani Morogoro. Kwa mihula mitatu sasa, kila Jumatano wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanakuja na simu au vishikwambi vyao kwa ruhusa, wanavitumia vipindi viwili mfululizo, kisha vinafungiwa hadi saa ya kwenda nyumbani.

Naandika hatua tulizopita ili mwalimu mwenzangu asianzie sifuri. Kila uamuzi nilioufanya niliupitisha kwenye swali hili: mtoto ambaye kwao hakuna simu ya ziada, dakika hii atakuwa anafanya nini? Nikikosa jibu, sehemu hiyo ya mpango naiacha.

Hatua ya 1: Pata ruhusa, na iwe kwenye karatasi

Usianze kimyakimya ukitegemea kwamba mkuu wa shule ni mwelewa. Siku kifaa kitakapopotea, uelewa wake hautakulinda. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule ili aifikishe kwenye bodi, na uombe kidogo. Mimi niliomba somo moja, kidato kimoja, siku moja kwa wiki, kwa wiki sita. Nikataja nani anafunga sanduku, nani ana ufunguo, na nani anasimamisha jaribio mambo yakienda mrama.

Wajumbe wa bodi waliogopa kwamba nataka kufungulia simu shule nzima. Kilichowatuliza ni kwamba hata ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inasimama hapohapo: simu iingie darasani pale tu inapomsaidia mwanafunzi kujifunza. Niliwaambia sina ombi lingine zaidi ya hilo.

Kama uko shule ya serikali, mlango wako ni mkuu wa shule, halafu afisa elimu sekondari wa halmashauri. Wakikataa, usilazimishe. Walimu wengi waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022. Vishikwambi vitano vya walimu vikizungushwa kwenye vikundi vinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ninayoieleza hapa, na hakuna mtoto atakayebeba kitu kutoka nyumbani.

Hatua ya 2: Hesabu vifaa bila kumwaibisha mtu

Usiseme, "Wenye simu nyooshe mikono." Ukisema hivyo umeshaligawa darasa mafungu mawili, na watoto hawasahau walikuwa fungu lipi. Gawa vikaratasi vinavyofanana, wajaze wote, wavikunje, uvikusanye mwenyewe. Maswali yangu ni manne. Nyumbani kuna simu janja au kishikwambi? Mchana anakitumia nani? Kikijaa chaji kinadumu muda wa saa mbili kikiwa kinatumika? Mwenye nyumba ameridhia kitoke?

Swali la pili halikuwepo mwanzoni, na hilo ni kosa langu. Wiki ya kwanza msichana mmoja alikuja na simu ya mama yake, kioo kimepasuka pembeni, kava limefungwa kwa mpira. Tukiwa katikati ya kipindi ujumbe ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine: fulani ametuma shilingi elfu tatu, fulani elfu tano, fulani anaulizia sahani kumi za saa saba. Mama yake ni mama lishe. Mtoto alikuwa anaifunika ile simu kwa kiganja kila ilipolia ili wenzake wasisome. Saa tisa mama alikuwa getini, aproni bado kiunoni.

"Mwalimu, shikamoo. Sijaja kwa ugomvi. Ila leo sijui nani kanilipa na nani hajanilipa."

Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na ndiye aliyeniamkia. Nilimwomba radhi, na jioni ileile nikaandika kanuni ambayo haijabadilika: kifaa kinachofanyiwa kazi na mtu mchana hakiji shuleni, hata mzazi akisema hakuna shida. Mzazi anaweza kusema hivyo kwa kuwa anampenda mwanawe. Sisi ndio tunaopaswa kumwondolea mzigo huo.

Darasa lina wanafunzi 46. Waliosema nyumbani kuna kifaa walikuwa 31. Baada ya swali la pili walibaki 17. Ukiongeza simu yangu, vifaa 18. Nikagawa darasa vikundi tisa, vinane vya watu watano na kimoja cha watu sita, kila kikundi vifaa viwili. Fanya hesabu yako kwa njia hiyo: anza na vifaa ulivyonavyo kweli, ndipo upange vikundi na andalio la somo. Ukipanga somo la kila mtoto na kifaa chake, mzigo utawaangukia wazazi.

Hatua ya 3: Barua ya mzazi

Iwe kwa Kiswahili chepesi, isizidi ukurasa. Iseme siku na saa, iseme kifaa kije bila laini, na iseme wazi nani anabeba hasara. Yetu inasema: kifaa kikiharibika kikiwa ndani ya sanduku, shule inatengeneza, kikiharibika mikononi mwa mwanafunzi wakati wa somo, mwalimu wa somo, mzazi na mwanafunzi wanakaa pamoja kabla ya neno la malipo kutamkwa. Weka na sentensi hii, kisha uirudie kwa mdomo kwenye kikao: "Mzazi asinunue simu kwa ajili ya somo hili." Nimeona mzazi akiwa tayari kukopa kwenye kikoba ili mtoto asijisikie vibaya.

Chini ya barua, mzazi aandike namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Inaonekana kwenye kioo ukibonyeza \*#06#. Simu ikiibwa au zikichanganyika, namba hiyo inamaliza ubishi. Ongeza mstari wa ridhaa kuhusu picha, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa picha na majina ya watoto pia, shuleni kama kwingineko.

Suala la laini lisichukuliwe kirahisi. Laini ikiwa nyumbani, hakuna bando litakaloliwa, hakuna ujumbe wa pesa utakaosomwa na jirani, na simu haitalia.

Hatua ya 4: Mtandao wa ndani, bila intaneti

Ukitegemea bando la watoto, aliyenacho atasoma na asiyenacho atatazama. Sisi tunatumia laptopu moja ya zamani na ruta ndogo ya waifai ambayo haijaunganishwa na intaneti kabisa. Kwenye laptopu nimeweka Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na mtandao. Unapakua masomo mara moja ukiwa penye intaneti (mimi hupakua usiku nyumbani), kisha darasani wanafunzi wanajiunga na waifai ya ruta, wanafungua kivinjari na kuandika anwani ya laptopu, ikifuatiwa na nukta mbili (:) na 8080. Andika anwani hiyo ubaoni kwa herufi kubwa kabla hawajaingia.

Ruta ya nyumbani huanza kuchechemea video zikifunguliwa nyingi kwa pamoja. Tumia maandishi, maswali na majaribio ya kuigiza kwenye kioo ya PhET, yale yaliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Mengi yanapakuliwa kama faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila mtandao. Lile la kuunga saketi za umeme limeniokoa mara nyingi, kwa sababu maabara yetu ina amita mbili tu zinazosoma vizuri.

Programu yoyote ya kusakinisha, isakinishe siku moja kabla, wakati wa mapumziko. Nusu ya simu zitakuwa zimejaa. Usimruhusu mwanafunzi kufuta chochote kwenye simu ya nyumbani. Picha unayoona haina maana huenda ndiyo pekee waliyobaki nayo ya babu yao. Akaombe kwanza.

Hatua ya 5: Sanduku

Fundi seremala alitutengenezea sanduku la mbao lenye vyumba 20 vyenye namba, ndani limewekwa kitambaa, nje kufuli. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine uko kwa mwalimu wa taaluma. Vifaa vinaingia kabla ya mstarini, vimezimwa, na kila mmoja anasaini kwenye daftari: namba ya chumba, saa, hali ya kioo. Hilo la kioo liandike kila mara. Kuchaji shuleni hatufanyi. Chaja bandia na waya za soketi zilizoungwa moja juu ya nyingine ni hatari nisiyotaka darasani.

Hatua ya 6: Kipindi chenyewe

Usitumie simu kusomea kitabu ambacho kipo dawatini. Tafuta kazi ambayo bila kifaa isingewezekana. Naeleza moja kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyowashawishi walimu wenzangu: kupima mwendo wa sauti.

Tunatumia phyphox, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inayosoma vihisi vya simu. Baadhi ya majaribio yake yanataka kihisi cha mzunguko, ambacho simu nyingi za bei nafuu hazina. Hili linataka maikrofoni tu, kwa hiyo hata simu janja ya bei ya chini kabisa inafaa. Ndani yake kuna saa inayoanza kuhesabu ikisikia sauti kubwa na kusimama ikisikia ya pili.

Weka simu mbili chini, umbali wa mita 10 uliopimwa kwa futi kamba. Karibu na kila simu anasimama mpiga makofi. Wa kwanza anapiga kofi moja: simu yake inaanza mara moja, ya mwenzake inachelewa kidogo, kwa sababu sauti ina safari ya mita 10. Wa pili anapiga: simu ya pili inasimama mara moja, ya kwanza ndiyo inayochelewa. Toa muda mdogo kwenye muda mkubwa. Tofauti hiyo ni muda wa sauti kwenda na kurudi, mita 20.

Mara ya kwanza tulipata upuuzi. Vikundi tisa vikipiga makofi kwenye ukumbi mmoja, kila simu inasikia makofi ya jirani. Sasa tunatoka nje, tunasambaa uwanjani, na vikundi vinapiga kwa zamu nikinyoosha kidole. Pandisha kiwango cha sauti kinachoiamsha saa hadi upepo na kunguru wasiiamshe. Kikundi kimoja kilipata tofauti ya sekunde 0.058. Mtunza kumbukumbu akagawa 20 kwa 0.058 akapata kama mita 345 kwa sekunde, akanitazama akidhani amekosea. Kwa joto la nyuzi 27, jibu la vitabuni ni kama 347. Darasa zima lilipiga makofi, na saa zote zikaanza kuhesabu upya.

Watu watano, vifaa viwili: wapiga makofi wawili, msoma saa, mpima umbali, mtunza kumbukumbu. Kila mmoja ana kazi ambayo kundi haliwezi kuendelea bila yeye.

Kazi ikiisha, vifaa vinarudi sandukuni mara moja, hata kama zimebaki dakika ishirini. Majadiliano yanafanyika kwenye ubao na daftari.

Hatua ya 7: Makosa yatatokea, yapange mapema

Muhula wa pili mwanafunzi mmoja alimpiga picha mwenzake aliyekwama ubaoni. Jioni akaituma kwenye kundi la WhatsApp akiwa kwao, na asubuhi yule aliyepigwa picha hakuja shule. Nilikwenda nyumbani kwao mwenyewe. Baada ya hapo tuliweka utaratibu: vifaa vinatolewa pale tu kazi yake imeanza, kamera zote zinabandikwa kipande cha tepu ya karatasi, na anayeibandua bila kuambiwa anakaa wiki mbili bila kifaa ila anabaki kwenye kikundi. Wanafunzi wafahamishwe pia kwamba kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwamba mtoto anayeteswa mtandaoni anaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto, bure.

Adhabu isiwe kumtoa kwenye somo. Ukimtoa umemfundisha kwamba simu ndiyo somo.

Hatua ya 8: Wiki ya sita, uliza tena

Rudisha vikaratasi vilevile visivyo na majina. Uliza kilichowasaidia, kilichowaudhi, na kama kuna aliyejisikia kuachwa. Bodi inataka alama za majaribio, nawe zipeleke, lakini vikaratasi visome wewe kwanza.

Kimoja nimekibandika ndani ya mlango wa kabati langu. Mwandiko mdogo, penseli: "Mwalimu, napenda kupiga makofi lakini na mimi nataka kushika simu." Nilikuwa nimewaacha wenye vifaa wawe wasoma saa kila Jumatano, kwa sababu simu ni zao, na sikuwa nimeliona hilo kwa wiki sita nzima. Sasa orodha ya kazi iko ukutani, inazunguka kila wiki, na barua ya mzazi imeongezwa mstari: kifaa kitashikwa na wanakikundi wote. Wazazi wawili walikataa na nikawaelewa. Tulibaki na vifaa 16, tukapunguza vikundi vikawa vinane.