Kabla hujampa mtoto wa P2 tovuti, ikague hivi

Mi nafundisha P2, yaani darasa la pili la msingi, huku Busia, upande wetu wa Uganda, watoto sabini na kitu darasani na simu ni moja tu, yangu, kioo kimepasuka pembeni, kwa hiyo kila MB ninayochoma lazima inizalie kitu. Walimu wenzangu wananiuliza sana "mwalimu, tovuti gani nzuri ya hawa wadogo?" Nikikupa jina tu utaenda nalo na kesho imebadilika, afadhali nikuonyeshe vile nakagua mwenyewe. Inachukua kama nusu saa, fanya usiku mtandao ukiwa umetulia.

Hatua ya 1: Iulize kitu ambacho tayari unakijua

Hapa ndo tunakosea wengi. Mtu anafungua tovuti, anatafuta jambo asilolijua, anapewa jibu lenye picha safi na rangi rangi, anasema hii ni nzuri. Sasa umejuaje ni nzuri na jibu lenyewe hukulijua? Anza na mambo ya kwenu, yale ambayo hata ukiamshwa saa nane usiku unajibu.

Mi niko na maswali matatu. La kwanza, Uganda ina wilaya ngapi. Tangu Julai 2020 ni 135, na Kampala juu yake. Ukiambiwa 111, basi huo ukurasa ni wa enzi za 2010 na hakuna mtu amerudi kuugusa. La pili, sayari ni ngapi. Zikiwa tisa, jua hawajasikia kwamba Pluto ilitolewa kwenye hesabu Agosti 2006, na watoto wanaosoma hapo wanarithi makosa ya zamani kuliko wao. La tatu ni la picha, tafuta korongo wa bendera yetu. Yule wetu ana shingo ya kijivu, ukiona mwenye shingo nyeusi huyo ni ndugu yake wa kule Sahel, mtu amechukua picha ya kwanza aliyoiona akabandika.

Ikianguka swali moja usiitupe hapo hapo. Tovuti ya Marekani ya mambo ya anga ikikosea wilaya zetu mi naisamehe, si kazi yake. Ikikosea sayari, hapana.

Hatua ya 2: Nani ameandika

Shuka mpaka chini kabisa, tafuta pale pameandikwa "kuhusu sisi". Unataka jina la mtu au taasisi, na tarehe. Pakiwa na fomu tu ya kutuma ujumbe na hakuna jina la mtu yeyote, mi naanza kukunja uso. Halafu tazama mwisho wa anwani. Ikiwa .go.ug ni ya serikali, .sc.ug ni ya shule. Lakini .org isikutishe, watu wanadhani ni ya mashirika ya maana peke yake, kumbe mtu yeyote mwenye pesa ya kulipia anaichukua.

Kuna ukurasa mmoja maarufu, uko mtandaoni tangu 1998, unaeleza habari za pweza anayeishi juu ya miti kule kaskazini magharibi ya Marekani, picha ziko, ati yuko hatarini kutoweka, mpaka linki za kumsaidia zipo. Ni utani mtupu, na walimu wa kule wanautumia kuwapima wanafunzi. Niliwaonyesha watoto wangu wakaamini wote, lakini nao uwasamehe, mtoto wa Busia pweza amemwona wapi, kwake hata yule wa baharini ni hadithi tu.

Hatua ya 3: Bonyeza kama mtoto

Hii niliijua kwa aibu. Nilipata tovuti ya karatasi za mazoezi ya hesabu, nimeisoma vizuri nyumbani, maswali safi kabisa, nikaenda nayo darasani simu nimeinua juu wanione vile tunapakua. Kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa pakua, nikabonyeza, kumbe kile ni tangazo na kitufe chenyewe kiko chini kidogo kama punje ya mtama. Ikafunguka kampuni ya kubeti, wachezaji wa mpira wamejaa kioo kizima, na kijana mmoja wa mbele akauliza kwa heshima zake zote, "mwalimu, tunaandika namba gani ndo tushinde?"

Tangu siku hiyo sisomi tovuti kama mtu mzima. Nabonyeza kila kinachong'aa, kila katuni, kila kitufe kikubwa, halafu nahesabu mara ngapi nimetupwa nje. Mara moja naonya watoto, mara mbili naiacha. Video nazo, subiri iishe uone inayofuata yenyewe ni nini, maana tatizo mara nyingi liko kwa ile ya pili.

Ikiomba jina la mtoto, umri, shule, na namba ya simu, toka. Sheria yetu ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kwanza, na zile tovuti zinazouliza kama umefikisha miaka 13 zinafanya hivyo kwa sababu ya sheria ya Marekani, si kwamba zinampenda mtoto wako. Na mtoto naye anajua kudanganya mwaka wa kuzaliwa, usijidanganye wewe.

Hatua ya 4: Mpe mtoto asome, wewe nyamaza

Chagua mtoto wa katikati, si yule mkali anayejibu kila kitu. Afungue ukurasa mmoja asome kwa sauti, kila neno linalomshinda akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, ni mgumu, hata kama wewe umeupenda. Akimaliza mwambie akusimulie kwa lugha yake, Kisamia, Kiswahili, yoyote. Kusoma bila kuelewa wanajua sana hawa.

Hapo ndo utaona mambo ya ugeni. P1 mpaka P3 mtaala wetu wa mada tangu 2007 unataka lugha ya nyumbani, halafu unamletea ukurasa wa Kiingereza wenye theluji na misimu minne. Na tafsiri za Kiswahili zina mtego wake, nimekuta pameandikwa "vuli ni wakati majani yanakauka na kuanguka". Jamani, vuli si mvua? Huku ile mvua ya Septemba mpaka Novemba ndo watu wanapanda maharagwe, mtoto akija na hiyo ya majani kuanguka bibi yake atamcheka.

Hatua ya 5: Data

Ingia kwenye setingi za simu, matumizi ya data, andika namba, tumia tovuti dakika kumi, rudi uangalie imekula ngapi. Halafu zima data uone nini kinabaki. Mi ndo maana napenda Kiwix, unapakua Wikipedia mara moja pale kwenye Wi-Fi ya mtu halafu unasoma bila mtandao, na Kolibri, programu ya masomo nayo ya bila mtandao, kama shule yenu ina kompyuta hata moja. African Storybook nayo ilipita hatua zote kwangu, hadithi fupi, Kiswahili kipo, Kiganda kipo, na unaruhusiwa kuzichapa ukabandika ukutani. Wikipedia ya Kiswahili ni ya mwalimu, si ya mtoto. Video za katuni za Ubongo, shirika la Tanzania, watoto wanazipenda sana, ila zinakula data na kile Kiswahili kilichonyooka wangu wanakiiga wakicheka mpaka kesho.

Majibu yote weka kwenye daftari, jina la tovuti, tarehe, imeanguka wapi. Mi narudia mwanzo wa kila muhula zile hatua ya 1 na ya 3 tu, dakika kumi. Muhula huu nimepiga mstari mbili, moja ilikuwa nzuri kabisa mwaka jana, sasa imejaa kubeti.