Pilipili Nne Uani: Kuotesha na Kulinganisha Aina za Pilipili Nyumbani, Tanga

Pilipili mbuzi ya fungu hili inaunguza mpaka masikio, ya fungu la pili ina harufu tu, na zote zimetoka meza moja pale soko la Mgandini. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mbegu. Sehemu kubwa nyingine inatokana na maji, udongo, na siku tunda lilipochumwa. Ndiyo maana mtu anayepanda mche mmoja mmoja, huu kwenye kopo, ule ukutani, kisha akatangaza kwamba pilipili kichaa ni kali kuliko mbuzi, hajalinganisha aina za pilipili. Amelinganisha kopo na ukuta.

Mwongozo huu ni wa mwenye ua, baraza au paa lenye jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Kanuni yake ni moja: kila kitu kiwe sawa isipokuwa mbegu.

Hatua ya 1: Chagua aina nne

Chukua pilipili kichaa, pilipili mbuzi, pilipili ndefu na hoho. Kichaa ni ile ndogo inayosimama ikitazama juu, Capsicum frutescens. Mbuzi ni ya mviringo yenye mikunjo na harufu nzito, Capsicum chinense. Ndefu na hoho, ingawa hazifanani hata kidogo, zote ni Capsicum annuum. Asili yao wote ni bara la Amerika. Wareno ndio walioleta pilipili hizi katika pwani yetu kuanzia karne ya 16.

Usiiache hoho kwa sababu haiwashi. Utaihitaji siku ya kuonja, nitaeleza huko mbele. Ila ujue mapema kwamba haitakupa mavuno ya kujivunia hapa mjini. Joto la mchana likipita nyuzi 32 na usiku usipopoa, maua ya hoho hupukutika. Ndiyo maana hoho nzuri tunazokula zinateremka kutoka Lushoto, kwenye baridi ya Usambara. Kichaa na mbuzi, kwa upande mwingine, wanaipenda pwani.

Hatua ya 2: Mbegu na kalenda

Hoho na ndefu nunua pakiti duka la pembejeo. Ukisoma neno «chotara» au F1 kwenye pakiti, panda kwa kula, lakini usitegemee kutunza mbegu zake, maana watoto hawatafanana na mama. Kichaa na mbuzi toa mbegu kwenye tunda lililoiva kabisa, lililokolea rangi, kisha zianike kivulini.

Mimi napendelea kusia wakati wa masika na kuhamisha miche mvua zikipungua mwezi wa sita. Maua yanatoka katika kipindi cha kusi, hali ya hewa ikiwa imepoa kidogo, na matunda yanaiva kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, kabla vuli haijaanza kuharibu uanikaji. Wengi huhamisha Oktoba ili wapate maji ya bure ya vuli. Sioni faida: maua yanakutana na joto la Desemba na Januari.

Kichaa na mbuzi huchelewa kuota, wiki 2 hadi 4. Ndefu na hoho hutoka ndani ya siku 8 hadi 14. Kwa hiyo sia kichaa na mbuzi katikati ya Machi, na ndefu na hoho mwanzoni mwa Aprili, ili siku ya kuhamisha miche yote iwe ya umri unaokaribiana. Loweka mbegu za kichaa usiku kucha katika maji ya vuguvugu; ni kaidi.

Makopo ya mtindi yaliyotobolewa chini yanatosha kuwa kitalu. Yaweke chini ya upenu, mahali mvua ya masika haifiki. Miche michanga ikilowa kupita kiasi inapata kinyausi: shina linakuwa jembamba na jeusi usawa wa udongo, na mche unalala. Ukiuona mmoja, toa kopo zima na upunguze kumwagilia.

Hatua ya 3: Ndoo na udongo

Tafuta ndoo 12 za lita 20, tatu kwa kila aina. Mche mmoja hauthibitishi kitu, kwani unaweza kuwa dhaifu kwa bahati yake tu. Toboa matundu matano chini ya kila ndoo.

Udongo changanya wote kwa pamoja kwenye turubai, kisha ndiyo ugawe. Usichanganye ndoo kwa ndoo. Kipimo ni sehemu mbili za udongo, sehemu moja ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na sehemu moja ya nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi yaliyofukiwa au kukaa karibu na bahari yana chumvi, yaloweke na kumwaga maji mara kadhaa. Samadi usiongeze kwa tamaa. Mche utanenepa majani na kusahau kuzaa.

Udongo usiutoe palipokuwa na nyanya, bilinganya au nyanya chungu. Hizo ni ukoo mmoja na pilipili na huachiana magonjwa, hasa mnyauko wa bakteria.

Kuhusu maji: visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na pilipili haiivumilii sana. Kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia kama zimeunguzwa, shuku maji kwanza. Tumia maji ya bomba au ya mvua, na yawe ya chanzo kimoja kwa ndoo zote.

Hatua ya 4: Kuhamisha, na kupiga kura

Mche ukifika sentimita 15 au ukiwa na majani sita ya kweli, uhamishe jioni. Katika siku za mwanzo ufunike na kivuli cha makuti.

Sasa ndoo zinapangwaje? Mtu hupenda kupanga mbuzi hapa, kichaa pale, ndefu ukutani. Usifanye hivyo. Ua hauna jua sawa kila mahali. Upande unaopigwa na upepo wa kusi unakauka haraka, na ukuta unarudisha joto. Andika karatasi 12, tatu kwa kila aina, zitie kwenye kofia, mwite mtoto azitoe moja moja, na upange ndoo kwa mfuatano huo. Ndoo ikishajaa ni nzito, hutaihamisha tena, kwa hiyo kura hii ndiyo inayoleta haki. Acha nusu mita kati ya shina na shina.

Andika jina la aina na namba ya ndoo kwa rangi ya mafuta. Kalamu ya kawaida hufutika kwa jua.

Hatua ya 5: Kutunza kwa usawa

Mwagilia asubuhi kwa kopo moja la kipimo, lita 1 mche ukiwa mdogo, lita 2 ukianza kubeba. Siku ambayo mvua ya mchoo imelowesha vizuri, ruka zote. Kipimo hiki ni muhimu kuliko unavyodhani: mmea uliobanwa na kiu mara nyingi hutoa matunda makali zaidi, na maji ya leo-yapo-kesho-hayapo huleta kuoza kitako cha tunda. Mimea yenye matunda mengi ifunge kwenye mti kwa kamba ya katani, tuliyo nayo tele mkoa huu.

Vidukari na inzi weupe huja. Ponda majani ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni ya maji kidogo, nyunyiza jioni chini ya majani. Nyunyiza ndoo zote, hata zisizo na wadudu.

Mche ukinyauka ghafla mchana na haurudi usiku, ilhali udongo una unyevu, kata kipande cha shina karibu na mizizi. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji, na usitikise. Tazama kwa dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kuteremka kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa mche na udongo wake, utupe mbali, osha kisu.

Jambo lingine ambalo watu hulichukulia kijuujuu: anayevuta sigara au kunusa ugoro anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Virusi vya batobato ya tumbaku huishi hata ndani ya tumbaku iliyokaushwa, na pilipili huambukizwa kwa kuguswa tu. Majani yanakuwa na mabaka ya kijani iliyoiva na kijani mpauko, yanajikunja, na mmea hauponi. Babu akipenda kukaa uani na kikopo chake cha ugoro, karibu, ila shamba asilishike.

Hatua ya 6: Daftari

Kwa kila ndoo andika tarehe ya ua la kwanza, tarehe ya tunda la kwanza kuiva, idadi na uzito wa kila uchumaji, na ugonjwa ulioonekana. Usiandike «imezaa vizuri». Andika gramu.

Ndefu huiva kwanza, takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu kuhamishwa. Mbuzi na kichaa huchukua mitatu hadi minne. Shore watakuwahi kwenye kichaa, maana ndege hawahisi ule mwasho kabisa. Kitu kinachowasha, kapsaisini, kinagusa kipokezi cha joto kwenye neva zetu wanyama wanaonyonyesha, na cha ndege hakiitikii. Ugunduzi wa kipokezi hicho ndio uliompa David Julius sehemu ya tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021. Funika kwa chandarua kikuukuu.

Hatua ya 7: Kukausha

Chuma tunda lililoiva kabisa tu. Changanya matunda ya ndoo zote tatu za aina moja. Mbuzi, ndefu na hoho pasua. Kichaa anika nzima. Paka mikono mafuta ya kupikia kabla ya kupasua au vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni, na jicho usiliguse.

Ukipasua mbuzi, itazame ndani kabla ya kuianika. Mbegu zimeshikwa na utando mweupe, na juu ya utando ule utaona vitone vidogo vya manjano vinavyong'aa. Hapo ndipo ukali unapotengenezwa. Mbegu zenyewe haziwashi kwa asili yake. Zinapakwa tu kwa kugusana na utando. Mpishi anayetoa mbegu na kuacha utando hajapunguza kitu.

Anika kwenye ungo ulioinuliwa, ingiza ndani jioni, kwa sababu umande wa pwani unarudisha unyevu wote. Imekauka ikivunjika kwa mlio. Yenye ukungu tupa, usikate sehemu mbovu na kubakiza nyingine. Sumukuvu haionekani kwa macho. Saga kila aina peke yake, tunda zima, mahali penye hewa.

Hatua ya 8: Kuonja

Mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, mwaka 1912 alipima ukali kwa kuzimua dondoo la pilipili katika maji ya sukari mpaka waonjaji wasihisi kitu. Yeye aliloweka kwenye pombe, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vizuri majini. Sisi tuna tui la nazi, lenye mafuta yanayoibeba vizuri.

Zikune nazi kadhaa, changanya tui lote pamoja, chemsha, gawa. Kijiko kimoja cha chai cha pilipili ya unga, kilichosawazishwa kwa kisu, kiloweke katika kikombe cha tui la moto kwa nusu saa, kisha chuja. Hicho ni kikombe namba 1. Chota vijiko vinne vya chakula kutoka humo, changanya na vinne vya tui tupu: namba 2. Kutoka namba 2 tengeneza namba 3 hivyo hivyo, mpaka 10. Kila kikombe ni nusu ya ukali wa kilichotangulia. Fanya kwa aina zote nne.

Waonjaji wawe watano, watu wazima. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu asishiriki. Anayepanga vikombe asionje, na waonjaji wasiambiwe aina. Anza namba 10 kurudi nyuma, nusu kijiko cha chai kila mara, na mwonjaji asimame pale anapohisi mwasho. Matokeo ya aina ni namba ambayo watatu kati ya watano wamehisi. Kati ya aina na aina pumzikeni dakika 15 kwa mtindi na muhogo wa kuchemsha, maana ulimi uliochoka hudanganya.

Hapa ndipo hoho inapofanya kazi. Mwonjaji akisema hoho inawasha, ulimi wake bado una pilipili ya awali. Mpumzishe na aanze upya.

Tofauti ya kikombe kimoja ni ukali mara mbili, ya vikombe vitatu ni mara nane. Sasa rudi kwenye daftari uweke gramu kando ya ukali, na harufu pia, ambayo kwangu ina uzito sawa. Mbuzi mzima asiyetobolewa, akielea juu ya mchuzi wa samaki wa nazi, anatoa kitu ambacho kichaa hawezi kukitoa. Kichaa mpe achari ya ndimu. Ndefu ina nyama nyembamba, inakauka upesi, ndiyo ya unga.

Hatua ya 9: Mbegu za msimu ujao

Pilipili hujichavusha, lakini nyuki huzichanganya zikikaa jirani. Kwenye mmea ulioshinda wenzake, vika tawi lenye vitumba mfuko wa kitambaa chepesi kabla maua hayajafunguka, likung'ute kila asubuhi, na vijitunda vikitokea ondoa mfuko, uvifunge uzi mwekundu. Mbegu za matunda hayo kausha kivulini, ziweke kwenye chupa kavu yenye jina, namba ya ndoo na mwezi. Zitaota vizuri kwa miaka miwili au mitatu.

Ndoo za hoho na ndefu, ukishazing'oa, panda kunde au mchicha. Kichaa na mbuzi usiing'oe: kata matawi yabaki theluthi moja, ongeza samadi juu, na mvua za vuli zitaichipusha upya.