Kusoma Taa za Chombo Usiku Baharini

Ukivuka usiku mkondo ulio kati ya Dar es Salaam na Unguja, huoni umbo la meli bali taa zake tu, nazo zimepangwa ili zikuonyeshe omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, imeelekea wapi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinataka taa nyekundu iwe ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia, kila moja ikiangaza nyuzi 112.5 kuanzia omoni, na nyeupe ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, ifunike nyuzi 135 za nyuma. Basi ukiona nyekundu peke yake, chombo kinapita kutoka kulia kwako kwenda kushoto. Kijani ni kinyume chake.

Hata hivyo rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa chombo kinachokujia karibu uso kwa uso na kile kinachokaribia kukupa tezi vyote viwili vyaweza kukuonyesha nyekundu ileile. Ndiyo maana mimi huanza na taa nyeupe za milingoti, ambazo kwa meli ya mita 50 au zaidi ni mbili, ya mbele ikiwa chini kuliko ya nyuma, na sharti zionekane umbali wa maili 6 wakati zile za rangi ni maili 3. Taa ya chini ikiwa kushoto kwa ile ya juu na zimeachana sana, meli inakatiza kuelekea kushoto. Zikianza kusogeleana, inageuza omo kukuelekea. Zikisimama wima, moja juu ya nyingine, na rangi zote mbili zikaonekana chini yake, inakujia moja kwa moja.

Jahazi linaloendeshwa kwa tanga halina nyeupe hiyo ya mlingoti.

Kisha pima kwa dira mwelekeo wa chombo hicho kutoka kwako kila baada ya dakika chache: kipimo kisipobadilika huku taa zikikaribia, mtagongana. Kama nyote mnatumia injini na nyekundu yake iko kulia kwako, wewe ndiwe wa kumpisha, wala usipite mbele ya omo yake.

Ukifika penye wavuvi wa dagaa, mwanga wa taa zao humeza rangi zote. Hapo punguza mwendo, zima taa za ndani ya boti ili macho yazoee giza, na utazame chini karibu na maji, kwani ngalawa huenda ikawa na tochi tu, iliyoshikwa na mtu aliyeketi.