Kuitangaza Nakuru kwa Wafanyabiashara na Wakazi Wapya: Anza na Maji, Stima na Hati

Ukitaka kuona tangazo la Nakuru lililokosewa, tafuta lile lenye ufuo wa ziwa uliofunikwa na heroe kama zulia la waridi. Picha ni ya kweli, ila ni ya zamani. Tangu miaka ya 2010 Ziwa Nakuru limefura. Magadi yakazimuliwa, mwani wanaoula ndege hao ukapungua, na makundi makubwa yakahamia kwingine, hasa Bogoria kule Baringo. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya picha ile akakuta migunga iliyokauka imesimama majini, hata ukimwambia ukweli mtupu kuhusu ploti na nyumba, atakusikiliza nusu nusu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupiga picha mpya, kila moja iwe na mwezi na mwaka wake pembeni.

Maelezo haya ni ya afisa wa biashara wa kaunti au jiji, chama cha wafanyabiashara, wakala wa nyumba, na hata chama cha wakazi wa mtaa kinachotaka majirani wazuri.

Jua unamwita nani

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Jina hilo limewafanya watangazaji wengi wazungumzie kaunti nzima kana kwamba ni mtaa mmoja. Kaunti ina kaunti ndogo 11, na kutoka Naivasha hadi Nakuru mjini ni kama kilomita 70. Anayetafuta ghala la kontena atatazama Naivasha na Mai Mahiu, ambako reli ya SGR ilifika mwaka 2019. Anayetaka kufungasha viazi au maziwa atauliza Molo, Njoro na Rongai. Familia iliyochoshwa na kodi ya Nairobi itauliza Kiamunyi, Ngata, Lanet, Naka au Section 58. Tangazo moja likijaribu kuwaita wote, hakuna atakayesikia jina lake.

Angalia pia takwimu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti, na 570,674 katika eneo la mji wa Nakuru. Mwenye duka la dawa akipewa ile namba ya kwanza kama "soko la jiji", siku atakayogundua tofauti ndiyo siku utakayompoteza. Kila takwimu iandikwe pamoja na mipaka yake na mwaka wake.

Karatasi ya kurasa mbili

Acha kijitabu cha kurasa 40 chenye picha ya gavana. Mtu mwenye pesa anataka kurasa mbili kwa kila eneo au kila ploti, zenye majibu ya maswali ambayo mhandisi wake na mhasibu wake watauliza. Kwa ploti ya kiwanda au ghala, andika yafuatayo bila kuruka hata moja:

- Ukubwa kwa ekari, aina ya umiliki, na kama ni ya kukodishwa na serikali, miaka iliyobaki.
- Matumizi yaliyoruhusiwa na mpango wa jiji: viwanda, biashara, makazi au kilimo.
- Mita ngapi hadi transfoma iliyo karibu, ina kVA ngapi (kipimo cha uwezo wake), na kama laini ni ya fezi tatu.
- Maji: ya kampuni ya maji au ya kisima kirefu, mita za ujazo ngapi kwa siku, na siku ngapi kwa wiki.
- Maji taka: yanaingia kwenye laini ya mji au yataishia kwenye tangi.
- Upana wa barabara ya kuingilia, lami au murram, na hali yake Aprili mvua ikinyesha.
- Kama trela inaweza kugeuka.

Hilo la mwisho hudharauliwa, na ndilo huua mikataba. Kontena ya futi 40 ina urefu wa mita 12 na kitu. Ukiongeza kichwa cha lori, unazungumzia mita 16 hivi. Lango la mita 4 kwenye kichochoro cha mita 6 linaonekana kubwa ukiwa na gari dogo kama Probox, lakini trela itabaki barabarani na vijana watabeba mizigo mabegani hadi ndani. Chukua kamba ya kupimia, pima lango, pima barabara, andika.

Kwenye stima kuna kosa lingine la kiburi. Kaunti ina mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini kule Olkaria, na kwenye kreta ya Menengai kituo cha kwanza cha aina hiyo, cha megawati 35, kilianza kuzalisha umeme mwaka 2023. Watangazaji huandika "umeme wa bei nafuu kutoka ardhini" kana kwamba waya unatoka kreta hadi kwenye kiwanda. Mvuke huo huingia kwenye gridi ya taifa. Mteja wa kawaida analipa bei ile ile ya Kakamega au Embu, na stima ikikatika inakatika. Unachoweza kumpa ni kumbukumbu ya kukatika: omba biashara tatu za eneo hilo ziandike kwa miezi mitatu stima ilipotea lini na kwa dakika ngapi. Namba hiyo, hata ikiwa mbaya, inamsaidia kuamua ukubwa wa jenereta.

Maji na meno ya watoto

Kwa familia inayohamia, hakuna jambo kubwa kuliko maji, na hapa wengi hunyamaza. Maji ya visima virefu katika Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, mara nyingi yana floraidi nyingi kwa sababu ya mawe ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi hapo kabla ya kutimiza miaka minane hivi, meno yake ya ukubwani huota na madoa ya kahawia yasiyosuguka. Kuchemsha hakusaidii. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki mle mle na kuzidi ukali.

Hivyo karatasi ya mtaa iseme: chanzo cha maji ni kipi, sampuli ilipimwa maabara lini, ikasoma ngapi. Kisha useme dawa yake. Maji ya mvua kutoka kwenye paa safi hayana tatizo hilo, kwa hiyo nyumba yenye tangi la lita 5,000 na mifereji mizuri ina faida ya kutangazwa. Chujio la mkaa wa mifupa hupunguza floraidi, lakini mkaa huchoka, kwa hiyo maji yapimwe tena na mkaa ubadilishwe. Mzazi akisoma haya kwako badala ya kuyasikia kwa daktari wa meno, atakuamini kwa mengine yote.

Sema pia yasiyopendeza kuhusu ardhi yenyewe. Maziwa yamepanuka: mtaa wa Kihoto, Naivasha, uliingiliwa na maji, na wakazi wakahama. Mai Mahiu, Machi 2018, ardhi ilipasuka na kukata barabara. Usiuze ploti ya pembeni mwa ziwa au karibu na ufa bila ramani inayoonyesha umbali wake. Na kuna mtaa wetu uitwao London, karibu na jaa la taka la Gioto. Mgeni akiona jina hilo kwenye tangazo anapata picha nyingine kabisa, basi mwonyeshe jaa lilipo kabla upepo haujamwonyesha.

Kuhusu kodi ya nyumba, usinakili bei za matangazo. Tafuta nyumba kumi za vyumba viwili zilizopangishwa kweli miezi mitatu iliyopita katika mtaa huo, uliza mpangaji analipa ngapi, aliweka amana ya miezi mingapi, na maji na takataka viko ndani au nje ya kodi. Toa ya chini kabisa, toa ya juu kabisa, andika zilizobaki kama kiwango. Ongeza nauli ya boda kutoka stejini usiku, maana hiyo ndiyo gharama ambayo hakuna anayeikumbuka.

Hati, sheya na wageni wasio raia

Nakuru ina historia ndefu ya kampuni za kununua ardhi. Hadi leo utakuta Njoro, Bahati na kwingineko ploti inayouzwa kwa cheti cha sheya (hisa) za kampuni hizo tu, bila hati. Usiiweke kwenye orodha yako. Weka ile tu ambayo utafutaji rasmi kwenye ofisi ya msajili wa ardhi umefanywa ndani ya siku 30 zilizopita, na uambatishe tarehe.

Ardhi ya kilimo haiuzwi bila kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele: Katiba inampa ukodishaji usiozidi miaka 99, na kampuni inahesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu. Akitaka kibali cha kazi cha mwekezaji, daraja G, ataulizwa mtaji usiopungua dola 100,000. Mweleze haya simu ya kwanza, si baada ya kulala hotelini siku nne.

Usiahidi kisicho chako

Kaunti haina uwezo wa kusamehe kodi ya mapato wala ushuru wa forodha. Nafuu inayojulikana iko kwenye maeneo maalum ya kiuchumi chini ya sheria ya 2015, kama lile la Naivasha: kodi ya kampuni asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, kisha 15 kwa miaka 10 inayofuata. Nje ya uzio wa eneo hilo, nafuu hiyo haipo. Cha kaunti ni ada zake: kibali cha biashara, kodi ya ardhi, ada ya kupitisha ramani. Hata hizo, Katiba inataka kila msamaha uandikwe pamoja na sababu zake na mkaguzi mkuu ajulishwe. "Tutaongea" ya mkubwa kwenye karamu haina karatasi, na mwekezaji mwenye wakili mzuri anaijua harufu yake.

Barabara nayo iseme ukweli. Upanuzi wa barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, kutoka Rironi hadi Mau Summit, uandikwe ulipofika siku ya kuchapisha. Muda wa safari usiandikwe kwa gari la Jumanne saa nne asubuhi. Pima safari sita: mbili za katikati ya wiki, mbili za Ijumaa jioni, mbili za wikendi ya sikukuu, uandike zote. Aliyewahi kukwama Kinungi, kwenye barabara hiyo, tarehe 23 Desemba hahitaji kuelezwa kwa nini.

Simu, kisha ziara

Namba iwe moja, yenye mtu mmoja anayelipwa kuijibu, na jibu litoke siku hiyo hiyo ya kazi. Mfano wa jibu la kwanza:

"Habari ya asubuhi mama, asante kwa kuuliza. Umesema unatafuta ghala la mita za mraba 600 karibu na barabara kuu, malori mawili kwa siku. Kuna mawili yaliyo wazi wiki hii, karatasi zake nimekutumia. La Rongai lina fezi tatu lakini mita 200 za mwisho ni murram. La Lanet lina lami ila uwanja wake haugeuzi trela. Bidhaa zako zinahitaji baridi? Nitakupigia kesho saa nne asubuhi, au uniambie saa inayokufaa."

Jibu hilo lina kasoro mbili zilizotajwa waziwazi, swali moja na saa ya kupiga. Halina "fursa tele". Namba ya mama huyo isitoke mikononi mwako bila idhini yake. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inahusu hata daftari la wakala. Mpe broka mmoja tu namba hiyo, na kufikia jioni mama atakuwa amepigiwa na mabroka kumi na tano.

Ziara isizidi siku moja na nusu. Saa moja asubuhi muwe tayari kwenye ploti, aone foleni na aone malori. Kisha mhandisi wa stima, kampuni ya maji na afisa wa mipango, wote mezani pamoja, nusu saa tu. Halafu mkutanishe na mwenye biashara aliyekaa hapo miaka isiyopungua mitatu, na wewe utoke nje. Atalalamika kuhusu ada, wizi wa mita au barabara, sawa. Mgeni anahitaji malalamiko hayo kutoka kwa mtu ambaye hajafunga biashara yake. Kwa familia, badilisha: shule saa ya kuingia, sokoni saa tano, mtaani tena saa mbili usiku taa zikiwaka au zisiwake.

Hesabu

Maoni na "nimependa" za mtandaoni ni kelele. Daftari liwe na safu sita: tarehe ya kuuliza, anataka nini, siku ya jibu, siku ya ziara, alisaini au la, na sababu. Safu ya sababu ijazwe hata kwa aliyeenda Eldoret au Kisumu. Piga simu uulize kwa upole, wengi husema. Baada ya mwaka, mpigie aliyesaini uulize kama alilipia kibali tena. Usisahau na walioko tayari: kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa Nakuru mwaka 2014, na ajira zake zilikwenda nacho. Kutembelea viwanda vilivyopo kila miezi sita, kuuliza kinachowabana, ni rahisi kuliko kuleta kipya kutoka mbali.

Karatasi za kurasa mbili zikaguliwe kila robo mwaka. Chini ya kila moja pawe na tarehe ya ukaguzi na jina la cheo cha aliyekagua. Ikipita miezi mitatu bila mtu kwenda na kamba yake tena langoni, iondolewe mtandaoni hadi aende.