Nyuzi tatu kwa siku: namna ya kushona blanketi la viraka wakati wa kufungiwa nyumbani

Hali ya dharura ilipotangazwa nchini Kongo tarehe 24 Machi 2020 kwa sababu ya virusi vya korona, sisi wakaaji wa Bukavu tulikuwa tumekwisha kuona shule na makanisa yakifungwa siku chache kabla yake, na mpaka wa Ruzizi, kati yetu na Rwanda, ambao akina mama wengi wa mji huu huuvuka asubuhi na kurudi jioni na bidhaa zao, ukawa kimya. Hali hiyo iliendelea hadi tarehe 21 Julai, karibu miezi minne. Majuma ya kwanza nilisikiliza redio tangu alfajiri hadi usiku, na kadiri nilivyozidi kusikiliza ndivyo usingizi ulivyozidi kunikimbia. Kilichonisaidia hatimaye ni gunia la nguo kuukuu lililokuwa chini ya kitanda, sindano moja, na kanuni niliyojiwekea ya kushona nyuzi tatu kila siku, bila kupunguza wala kuzidisha. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo, inayofanywa kwa mkono bila cherehani na bila umeme, kwa ajili ya yeyote anayelazimika kubaki ndani, iwe ni kwa maradhi, kwa mvua kubwa au kwa sababu njia si salama.

Njia inayojulikana zaidi ya kushona blanketi la viraka ni ile ya kukata miraba inayolingana, kuiunganisha safu kwa safu, kisha kuweka pamba katikati na kitambaa kingine chini. Matokeo yake hupendeza, lakini hudai rula, pasi, meza pana na pamba ya kununua, na mraba mmoja ukikatwa vibaya safu nzima hupinda. Kwa mtu mwenye mawazo mazito, mradi unaomkosoa kila hatua hauwezi kumtuliza. Ndiyo maana napendekeza njia ya Wasidi.

Wasidi ni watu wenye asili ya Kiafrika wanaoishi India. Wale wa jimbo la Karnataka, kwa sehemu kubwa, ni wazao wa Waafrika waliosafirishwa utumwani kupitia Bahari ya Hindi hadi Goa wakati wa utawala wa Wareno, nao waliotoroka wakapata maficho misituni. Wanawake wao hushona blanketi liitwalo kawandi kwa nguo zilizochakaa za familia, wakianzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, kwa mshono mmoja unaopenya tabaka zote kwa wakati mmoja. Hawapimi kila kipande, wala hawatafuti vipande vinavyofanana. Nilipojifunza habari zao nilifurahi sana, kwa kuwa nilikuwa nimelelewa nikiona haya kuvaa kiraka, ilhali hata hapa nchini kwetu wanawake wa Wakuba, kule Kasai, hushonea viraka juu ya sketi ndefu za rafia, na sketi hizo ni mavazi ya sherehe na ya kuwapa wafu heshima ya mwisho.

Anza kwa kuchagua vitambaa, na usiharakishe hatua hii, kwa maana ndiyo yenye kumbukumbu nyingi. Mwaga nguo zote sakafuni. Tafuta vitenge vilivyopauka, vikiwemo vile vya 8 Machi, Siku ya Wanawake, vya miaka iliyopita ambavyo kila mama wa mji huu anavyo sandukuni. Mashati meupe na sketi za buluu za shule ambazo watoto wamezizidi. Shuka zilizotoboka katikati lakini zikabaki imara pembeni. Mashati ya mitumba yaliyokwisha kola. Pamba iliyofuliwa mara nyingi ndiyo bora, kwa sababu imelainika na sindano huipenya bila kuumiza kidole. Jinzi nzito iache kando. Ukiwa na shaka kama kitambaa ni pamba au la, chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio, nawe ukiwa nje ya nyumba uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kipunje kigumu. Poliesta si haramu, ila huteleza na kuchosha mkono, hivyo itumie kidogo tu.

Fua kila kitu kabla ya kukata. Kitenge kipya kifuliwe peke yake, tena na tena, mpaka maji yatoke safi. Mimi nililipuuza jambo hili mara ya kwanza, na kitenge chekundu kilinimwagia rangi juu ya vipande vyote vya shati la shule. Waridi ile haikutoka hata kwa kuanika juani majuma mawili.

Vifaa ni vichache: sindano ndefu yenye tundu linalopitisha uzi bila kuukwaruza, mkasi, pini kumi au kumi na tano, uzi wa pamba ulio mnene kidogo kuliko wa cherehani, na subana, yaani kile kikofia cha chuma kinachovikwa kwenye kidole cha kati. Wengi huidharau subana, kisha siku ya nne kidole kinatoboka na kazi inasimama. Ukiikosa, funga kidole kwa kipande cha ngozi ya kiatu cha zamani. Ukiwa na uzi mwembamba wa cherehani tu, utumie ukiwa umekunjwa mara mbili. Pitisha uzi juu ya mshumaa au kipande cha sabuni kavu kabla ya kushona, nao hautajisokota ovyo.

Kwa blanketi la mtoto, kata shuka la chini lenye sentimita 104 kwa 134. Kunja pindo la sentimita 2 pande zote, likielekea juu, na ulibane kwa ukucha. Litabaki la sentimita 100 kwa 130. Pasi si lazima. Wenye pasi ya makaa waiwashe na kuitumia nje au barazani, kwa kuwa moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua bila kutoa harufu ya kumwamsha aliyelala, na siku za kufungiwa ndizo siku ambazo madirisha hufungwa mno. Viraka vikatwe vya ukubwa wowote baina ya kiganja na daftari la shule. Usivikate vyote siku moja. Kata vya kutosha siku mbili au tatu, ili jicho lako lipate nafasi ya kubadili nia.

Sasa tandika shuka la chini juu ya mkeka au meza, pindo likikutazama. Chukua kiraka cha kwanza, ukunje kingo zake mbili kwa sentimita 1 kuelekea ndani, na ukiweke kwenye pembe ya shuka hivi kwamba mikunjo yake ilingane kabisa na ukingo wa shuka. Funga fundo, ulifiche kati ya tabaka mbili, kisha shona ukifuata ukingo, nusu sentimita kutoka nje. Mshono ni ule wa sindano kwenda mbele, uleule ambao mafundi hupigia bandi, ila mfupi zaidi: kila hatua iwe na urefu wa punje ya mchele. Ukikaribia mwisho wa kiraka, chukua kingine, upande wake mmoja uingie chini ya cha kwanza au ulale juu yake kwa sentimita 2. Kanuni ni moja tu: ukingo unaobaki juu lazima ukunjwe, ukingo unaofichwa chini unaweza kubaki mbichi. Endelea hivyo mpaka uzunguke pembe zote nne na kurudi ulikoanzia.

Mzunguko wa kwanza ndio mgumu. Baada ya hapo ingia ndani sentimita 2, upana wa kidole gumba, na uzunguke tena ukiufuata mstari wa kwanza, na tena, na tena. Kila mstari unapofika mahali ambapo kiraka kimeisha kwa upande wa ndani, funika ukingo wake mbichi kwa kiraka kingine kilichokunjwa, na mstari usikatike. Kwa njia hiyo kuunganisha viraka na kuvishikiza kwenye shuka la chini hutendeka pamoja, wala hapabaki hatua ya pili ya kuogopa.

Hesabu yake hutuliza moyo. Blanketi la sentimita 100 kwa 130, lenye nafasi ya sentimita 2 kati ya mstari na mstari, hudai mshono wa takriban mita 65. Uzi uliokatwa sentimita 60, yaani karibu urefu wa mkono, ukiondoa fundo na ncha, hushona nusu mita hivi. Basi kazi nzima ni nyuzi 130, na kwa nyuzi tatu kila siku itamalizika kwa siku 43 au 44. (Anayekunja uzi mara mbili akate sentimita 120 na auhesabu kuwa mmoja.) Usiukate mrefu zaidi ukidhani unaokoa muda, kwa maana uzi mrefu hujifunga, na kufungua mafundo ndiko kunakorudisha hasira uliyokuwa umeanza kuisahau.

Nieleze sasa kwa nini nyuzi tatu, wala si saa mbili au kiraka kimoja. Tunapofungiwa, siku hupoteza mipaka yake. Asubuhi na alasiri huwa kitu kimoja, na habari huingia wakati wowote. Saa ya ukutani huongeza wasiwasi, kwa sababu tunaitazama. Uzi hauna haja ya kutazamwa. Unapungua wenyewe mkononi, na ukiisha unajua kwamba umefika. Mimi nilishona uzi wa kwanza baada ya kuchota maji, wa pili baada ya chakula cha mchana, wa tatu kabla jua halijazama, nikikaa mlangoni ambako mwanga unatosha. Redio niliizima wakati wa nyuzi hizo, na habari nilizisikiliza mara moja tu, jioni. Ukiona kifua kimebana, beba hatua nne juu ya sindano ukivuta pumzi, kisha vuta uzi polepole ukiitoa. Baada ya dakika chache mkono hushika mwendo wake, nao moyo hufuata. Usishone usiku kwa mshumaa au kwa taa ya simu umeme unapokatika: macho huchoka, hatua hurefuka, na kesho yake utalazimika kufumua. Zipo siku ambazo utataka kushona nyuzi kumi ili usifikiri. Siku hizo hasa, simama kwenye wa tatu, kwani mkono uliovimba hautashona kesho, na kesho ndiyo utakayoihitaji.

Tatizo la kawaida ni shuka la chini kufura katikati, kwa kuwa tunatoka pembeni tukiusukuma ulegevu mbele yetu. Kila unapoanza uzi mpya, lainisha kwa kiganja kutoka ulikoshona kuelekea katikati, kisha geuza kazi uangalie upande wa chini. Ulegevu mdogo unywe kwa kuusambaza ndani ya hatua kadhaa. Ukiwa mkubwa, kunja marinda madogo na uyafiche. Hayaonekani baada ya kufua. Usivute uzi kwa nguvu. Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 na usiku wake ni wa baridi, hivyo wengi hupenda kuongeza blanketi jepesi la zamani katikati. Ni vyema, ila lipunguze liwe dogo kuliko shuka kwa sentimita 2 kila upande, na ulipigie bandi ndefu kutoka pembe hadi pembe kabla ya kuanza.

Watoto wasifukuzwe. Mwenye miaka sita anaweza kuchagua kiraka kinachofuata, na mwenye miaka tisa anaweza kushona mstari, hata ukipinda. Mwenye mikono isiyopenda sindano apewe kroshe au asuke mkeka; kanuni ya kipimo ni ileile, mistari mitatu kwa siku.

Mkifika katikati patabaki tundu dogo la mstatili. Lifunike kwa kiraka kinachopendwa kuliko vyote, kilichokunjwa pande zote nne. Kisha fanya kama Wasidi: kunja vipande vinne vidogo vya rangi kali, tabaka juu ya tabaka, na ushonee kimoja kwenye kila pembe. Wao huviita phula, yaani maua, na kwao kawandi isiyo na maua hayo iko uchi.

Fua blanketi kwa maji baridi na sabuni kidogo, usilikamue kwa kulisokota, na ulianike kivulini likiwa limelala juu ya kamba mbili. Kati ya Juni na Agosti hukauka kwa siku moja. Wakati wa mvua hutaka siku mbili au tatu, nalo ligeuzwe asubuhi na jioni. Kiraka kikichakaa hakitolewi, bali kingine hulazwa juu yake. Kwenye blanketi langu la mwaka ule, cha kwanza kutoboka kilikuwa cha shati la shule la kifungua mimba wangu. Mwaka uliofuata nilikifunika kwa kipande cha shati la mdogo wake, na kazi ile ilinichukua nyuzi mbili.